Uji wa Asilimia Tisini na Saba

Bega la kulia la Wavinya lilikuwa na kalenda yake. Halikuuma wakati wa kulima wala wakati wa kupanda. Lilingoja ndengu zikauke, zing'olewe, zitandazwe juu ya turubai, ndipo lianze kudai haki yake. Kila msimu alishika fimbo akazipura ndengu zake kutwa nzima, na usiku akalalia ubavu mmoja. Ndiyo maana siku alipoiona mashine ya kupura ndengu kwenye duka moja la Thika, inameza matawi makavu upande huu na kutema ndengu safi upande ule, alisimama mbele yake hata mwenye duka akamletea kiti.

Habari za mashine hiyo alizipeleka kwa wenzake wa chama cha Kyeni, hapo Kithimani, na kwa kuwa hakuwa peke yake mwenye bega, chama kikaanza kuweka akiba. Waliweka polepole, msimu huu kidogo, msimu ule kidogo zaidi, mwaka wa ukame wakaweka subira tu. Mwisho wa yote pesa zikatimia. Wavinya ndiye aliyekuwa mweka hazina, na ndiye aliyesimama mkutanoni kuwaambia wenzake kwamba kilichobaki ni kwenda Thika kuileta mashine kabla ndengu za mvua za vuli hazijakauka. Watu wakapiga vigelegele.

Haikupita wiki, Mwalimu Festus akasikia habari za hisa.

Mwalimu Festus Ndolo, mwenyekiti wa chama, alikuwa amestaafu kufundisha hesabu, lakini hesabu yenyewe haikuwa imestaafu ndani yake. Nusu ya Kithimani ilipita mikononi mwake, na nusu nyingine ilizaliwa na wale waliopita. Akikutana na mtu mzima sokoni anabishania chenji, Mwalimu husimama na kumsahihisha, na yule mtu mzima husema asante, Mwalimu. Alivaa tai hata kwenda kuangalia mbuzi. Habari za hisa zilimfikia kwa simu, kutoka kwa mpwa wake Laban anayekaa Syokimau, ambaye alimwambia kwamba hisa za kampuni ya Mbeu, watengenezaji wa unga wa uji, zinapaa, na kwamba anayelala wakati huu atakuja kuamka maskini.

Mwalimu hakulala. Alipakua kitu fulani kwenye simu yake, na tangu siku hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, alikuwa anatazama bei ya Mbeu kama mtu anayetazama kama ng'ombe wake amezaa. Mwezi mzima wa Novemba bei ilipanda. Alipompigia wakala wa hisa huko Nairobi, yule kijana alimweleza kwa adabu kwamba bei inaweza kupanda au kushuka, na kwamba mtu aweke tu pesa anayoweza kuvumilia kuipoteza. Mwalimu aliyasikia maneno hayo jinsi watu wanavyosikia yale ya kusema chupa ya dawa itikiswe kabla ya kutumia. Alimshukuru, akakata simu, akaitisha mkutano.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu alichora ubaoni mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, akaeleza kwamba pesa za chama zikiwekwa kwenye Mbeu leo, kabla ya mwaka mmoja kwisha zitanunua mashine mbili, na pengine trekta. Mke wake Mukai, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akimenya njugu, akasema kwamba mwezi wa kumi na moja mvua nayo ilinyesha kila siku, na hakuna mtu aliyesema itanyesha hadi Agosti. Mwalimu akamjibu kwamba mvua haiuzwi kwenye soko la hisa. Mukai akarudia njugu zake.

Kisha Mwalimu akaomba wanaokubali wainue mikono. Chama cha Kyeni kilipiga kura kwa mikono tangu kianzishwe, wala hakuna aliyewahi kuona ubaya wake. Mwalimu alisimama mbele, chaki mkononi, akawatazama mmoja mmoja kwa yale macho yake ya kuuliza nani hajamaliza zoezi. Mikono ikaenda juu. Wavinya alitazama kulia akaona mikono, akatazama kushoto akaona mikono, na bega lake la kulia, bila ya kumwomba ruhusa, likauinua na wake.

Aliona aibu papo hapo. Alikuwa akimpenda Mwalimu kwa moyo wote. Mwalimu ndiye aliyekwenda mpaka kwa baba yake, zamani hizo, akakaa uani siku nzima akikataa chai mpaka mzee akakubali Wavinya arudi darasani badala ya kuchunga. Mtu kama huyo huwezi kumwambia mbele ya watu kwamba amekosea. Lakini mashine nayo alikuwa akiiota. Kwa hiyo akatafuta njia ya katikati, akasimama, akauliza kwa sauti ndogo kama haingekuwa vizuri kwanza kujua kama watu kweli wanaununua huo uji.

Mwalimu alimtazama kwa furaha ya mwalimu aliyeulizwa swali zuri. "Utafiti," akasema. "Wavinya, wewe bado ni mwanafunzi wangu. Kura ya mwisho itangoja. Tutafanya utafiti katika masoko matatu, si moja, ili mtu asije akasema tuliuliza majirani zetu. Na wewe utaandika."

Ndivyo Wavinya alivyojikuta, alfajiri ya siku ya soko la Kithimani, akibeba kalamu na karatasi nyuma ya Mwalimu, naye Mike, mwanachama mwenzao mwenye gari la Probox, akiwafuata na maboksi ya unga wa Mbeu ambayo Mwalimu aliyanunua kutoka mfukoni mwake. Kila atakayejibu angepewa pakiti moja, kama shukrani. Wavinya aliuliza kama watu hawatajibu kwa ajili ya pakiti. Mwalimu akasema kwamba mtu mzima hawezi kununuliwa kwa pakiti ya unga. Siku hiyo Wavinya alianza kushuku kwamba Mwalimu hajawahi kusimama karibu na watu siku ya kampeni.

Swali lenyewe Mwalimu alilitunga kwa siku mbili, na lilisema hivi: Je, wewe kama mzazi unayejali afya ya watoto wako, unaupenda uji wa Mbeu, wenye lishe bora? Sasa wewe niambie, nani atasimama sokoni mbele za watu aseme hajali afya ya watoto wake? Hata Kitheka fundi viatu, ambaye hana mtoto wala dalili ya mtoto, alisema anaupenda sana. Mtu wa pili aliyeulizwa alisema ndiyo kabla swali halijaisha. Wa tatu alichukua pakiti, akasema ndiyo, kisha akauliza tisheti ziko wapi na mgombea mwenyewe atapita saa ngapi.

Bibi mmoja mwenye sukuma wiki alisema kwa uaminifu kwamba hajawahi kuuonja. Wavinya akaanza kuandika, lakini Mwalimu akamzuia.

"Huyo hana maoni," akanong'ona. "Ukimwandika ataharibu asilimia."

"Na huyu aliyesema labda?"

"Labda ni ndiyo yenye haya. Andika ndiyo."

Nzembi muuza mitumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya barabara ya Garissa, alisema anaupenda uji wa Mbeu kuliko chochote, akapokea pakiti yake, akauliza kama mume wake aliye nyumbani naye anaweza kuulizwa kupitia kwake. Mwalimu akaona ni jambo la busara. Warfa, mfanyabiashara wa mbuzi, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu kwa hina, alisikiliza swali lote mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo, akaweka mkono kifuani, akasema uji ni mzuri sana, Mwenyezi Mungu ambariki Mwalimu. Kisha akaipokea pakiti kwa mikono miwili.

Jioni Mwalimu alipiga hesabu ndani ya Probox, akatangaza kwamba Kithimani imesema ndiyo kwa asilimia tisini na sita.

Soko la Ekalakala lina siku yake nyingine, na walipofika huko Mwalimu alivuta pumzi ndefu akasema, sasa huku ni Masinga, watu tofauti, udongo tofauti, fikra tofauti. Alimwendea mwuzaji wa kwanza aliyekuwa amempa mgongo, anapanga suruali juu ya turubai, akamgusa bega. Mwuzaji akageuka. Alikuwa Nzembi.

Wenyeji wa huku hawana haja ya kuelezwa. Wauza mitumba, wauza sufuria, watu wa mbuzi, fundi viatu, wote hufuata siku za soko. Leo hapa, keshokutwa pale, turubai lile lile na nguo zile zile, ila bei ndiyo hubadilika. Kila mtoto anajua. Lakini Mwalimu maisha yake yote alikuwa na darasa moja mahali pamoja, na watoto walikuwa wakija kwake. Hakuwahi kufikiri kwamba soko linaweza kufungasha mizigo na kuhama. Zaidi ya hayo miwani aliiacha nyumbani, kwa sababu haipendezi na tai.

"Wewe kama mzazi unayejali afya ya watoto wako," akaanza.

Nzembi alimtazama Mwalimu, akamtazama Wavinya, akazitazama pakiti. Aliona riziki imemfuata kutoka Kithimani, na riziki haiulizwi imepitia njia gani. Akasema anaupenda sana, na mume wake pia, na safari hii mama mkwe. Wavinya akafungua kinywa. Mwalimu alikuwa anatabasamu, uso wote umemng'aa, naye Wavinya akakifunga kinywa chake akaandika. Kitheka fundi viatu, aliposema ndiyo kwa mara ya pili, alimkonyeza. Warfa aliweka tena mkono kifuani na kumbariki Mwalimu upya, na nyuma yake mbuzi mmoja alikuwa anatafuna kitu chenye karatasi ya kijani. Ilikuwa pakiti ya Mbeu, nusu yake imeshaingia.

Ekalakala ilisema ndiyo kwa asilimia tisini na nane. Mwalimu hakuweza kungoja soko la tatu. Jumapili, wakati wa matangazo, alipanda mbele ya kanisa akaeleza kwamba utafiti wa kisayansi, katika sehemu mbili zisizojuana, umetoa asilimia tisini na saba, na kwamba Jumamosi ijayo chama cha Kyeni kitafanya uamuzi wa kihistoria. Katekista alipiga makofi, na katekista akipiga makofi kanisa lote hupiga. Wavinya alipiga kwa mkono mmoja juu ya goti. Mukai hakupiga, alikuwa anamtafutia mume wake miwani ndani ya mkoba.

Usingizi ulimpaa Wavinya wiki hiyo. Alikuwa akiwaza habari za bambo. Madalali wa ndengu wanapokuja mlangoni kununua, hawaamini mdomo wa gunia, kwa kuwa wanajua kuna watu, na si Wakamba peke yao, wanaoweka ndengu safi juu na mchanga chini. Dalali huja na bambo, kile chuma chenye ncha na tundu. Hulichoma gunia juu, akalichoma katikati, akalichoma chini kabisa, kila mara akimimina kiganjani akitazama. Hata dalali mwongo hajiongopei mwenyewe. Na Mwalimu wake, aliyemfundisha kugawanya na kuzidisha, alikuwa anachoma mdomo wa gunia tu, tena tundu lile lile, na kila mara anashangaa jinsi ndengu zilivyo safi.

Soko la tatu lilikuwa Kyumbi, kule njia panda ya kuingia Machakos. Walipoteremka Wavinya alimwomba Mwalimu jambo moja tu, kwamba kabla ya kuuliza swali avae miwani. Mukai alikuwa amempa Wavinya miwani hiyo kwa siri. Mwalimu aliivaa akinung'unika, akaingia sokoni, na hapo, kando ya barabara, kwenye turubai analolijua sasa kama ubao wa darasani mwake, akamwona Nzembi. Pembeni mwa suruali Nzembi alikuwa amepanga pakiti za Mbeu safu tatu, anaita wapita njia.

"Uji ya Mwalimu, nusu bei. Uji ya Mwalimu."

Hakuna aliyekuwa ananunua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na uji wa Mbeu siku hiyo ulikuwa umejitembeza kutoka Kithimani hadi Kyumbi bila kupata mchumba.

Mwalimu alisimama. Akageuza kichwa taratibu, akamwona Kitheka na viatu vyake. Akamwona mtu aliyeuliza habari za tisheti. Akamwona Warfa na mbuzi wake, na mbuzi, ambao walikuwa wameshamzoea, wakamjia wakinusa mifuko ya koti. Wavinya alitamani ardhi ipasuke, si kwa ajili yake. Alimwendea Warfa, akamuuliza kwa upole kwa nini alisema uji ni mzuri na hali anawalisha mbuzi.

Warfa alionekana kushangazwa na swali. "Mama, mzee ametoka kwake na tai, na zawadi mkononi. Ananiuliza kitu yake ni nzuri. Mimi niko na wazazi walinilea. Nimwambie ni mbaya?" Akafikiri kidogo, akaongeza kwa haki, "Lakini mbuzi wanapenda. Hiyo uandike."

Mwalimu aliyasikia yote. Alirudi kwenye Probox, akakaa kiti cha nyuma, akaweka mikono juu ya magoti. Mike akawasha redio, akaona nyuso zao kwenye kioo, akaizima, akashuka kwenda kununua maji ambayo hakuyahitaji.

"Uliona lini?" Mwalimu akauliza.

"Ekalakala, Mwalimu."

"Na ukaandika."

"Niliandika. Nisamehe. Niliogopa." Kisha, kwa kuwa mlango wa maneno ulikuwa umefunguka, akapita. "Mwalimu, tumechoma gunia moja kwa bambo mara tatu, mahali pamoja, tukasema tumeona magunia matatu. Na hata tungechoma vizuri, tungejua tu kama watu wanapenda uji leo. Hiyo hisa ni mambo ya kesho. Kesho hatukuikuta sokoni tukaiuliza."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa tai mpaka Mike aliporudi na chupa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka tangu asubuhi. Alisema Wavinya ameona vizuri. Alisema pia kwamba ameshatangaza kanisani, na watu wamepiga makofi, na kwamba kwa miaka yote aliyosimama mbele ya darasa hakuwahi kufuta jibu lake ubaoni wanafunzi wakitazama. Mkutano wa Jumamosi utakuwepo. Wavinya akageukia dirishani, machozi yakamlengalenga, kwa ajili ya mzee na kwa ajili ya mashine, na hakujua ni yapi ya nani.

Aliwaza usiku, akawaza jikoni, akawaza shambani ambako ndengu zilishaanza kugeuka rangi. Akimwambia kila mtu habari ya Nzembi, mashine itaokoka na Mwalimu atachekwa hadi kaburini, Kithimani haisahau. Akinyamaza, mikono itaenda juu kama mara ya kwanza, maana Mwalimu atasimama na chaki, nao watakuwa watoto tena. Ndipo akaelewa kwamba ile mikono nayo ilikuwa ni akina Warfa. Walikuwa na wazazi waliowalea. Kumbe utafiti mbovu kuliko wote haukufanyika sokoni. Ulifanyika ndani ya ukumbi wa kanisa, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliojibu.

Jumamosi wanachama wote kumi na wanne walifika, Mwalimu akiwemo, na miwani yake. Hakuchora mstari. Alisema kwa ufupi kwamba utafiti umekwisha, kwamba asilimia wanaijua, na kwamba asubuhi ya leo bei ya Mbeu imepanda tena, jambo ambalo lilikuwa kweli kabisa. Ukumbi ukavuma. Kila mtu aliona trekta. Mwalimu akainua chaki, mikono ikaanza kujitayarisha, na Wavinya akasimama na kibuyu.

Kilikuwa kibuyu cha kawaida cha maziwa, kimeoshwa na kukaushwa. Chini ya leso alikuwa na bakuli la ndengu na bakuli la kunde. Moyo ulikuwa unampiga kama fimbo juu ya turubai. Akaomba, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, kwamba kwa kuwa ni uamuzi wa kihistoria ufanywe kwa njia ya heshima. Kila mtu achukue ndengu moja na kunde moja, aende nyuma ya pazia la kwaya, atie moja ndani ya kibuyu. Ndengu ni mashine, kunde ni hisa. Mbegu itakayobaki aifumbate mkononi, asimwonyeshe mtu, akaipande kwake.

Mtu mmoja akasema hiyo si desturi yao. Wote wakamtazama Mwalimu. Mwalimu alimtazama Wavinya muda ambao kwake ulikuwa mrefu kuliko ule wa dukani Thika. Angeweza kukiita kitendo hicho utovu wa adabu, na kura ingeishia hapo.

"Katiba haikatazi," akasema, akaweka chaki chini.

Walipita mmoja mmoja. Nyuma ya pazia kila mtu alikaa zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, na kila mtu alitoka na ngumi imefungwa na uso wa mtu asiye na habari. Mukai alitoka akitafuna, na ikabidi aulizwe kama amekula kura; akasema ni njugu. Wavinya alipiga yake. Mwalimu alikuwa wa mwisho. Walisikia mbegu moja ikianguka ndani ya kibuyu, tik, kisha akatoka akirekebisha tai.

Wavinya akamimina kibuyu ndani ya ungo, mbele ya wote. Alitarajia mchanganyiko. Alikuwa ameomba Mungu ampe ndengu moja tu zaidi ya kunde, hata nusu. Mbegu zikatawanyika juu ya ungo, na zote zilikuwa kijani. Akaukung'uta ungo, akapitisha kidole, akakitikisa kibuyu, akachungulia ndani kwa jicho moja. Hakukuwa na kunde hata moja.

Watu walisimama kutazama. Kwanza walicheka, kila mmoja akimwona jirani yake aliyekuwa ameinua mkono mwezi uliopita, kisha mmoja baada ya mwingine wakaacha kucheka, kwa sababu hesabu waliifundishwa na mwalimu mzuri. Wakazihesabu ndengu kimoyomoyo. Zilikuwa kumi na nne. Macho yote yakahamia kwa Mwalimu Festus.

Alikuwa amesimama wima mbele ya ubao, mkono wa kushoto umefumbwa. Alikohoa.

"Nilikuwa nimewaambia asilimia tisini na saba," akasema. "Hii ni mia. Wavinya, andika. Mike, Jumatatu utatupeleka Thika." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kidogo kwamba yeye binafsi atanunua hisa chache za Mbeu, kwa pesa ambazo mtu anaweza kuvumilia kuzipoteza.

"Hizo ziko wapi?" Mukai akauliza.

Ukumbi ukalipuka. Mwalimu aliungoja utulie, kama alivyokuwa akifanya zamani, bila kukasirika. Kisha akamtazama mwanafunzi wake aliyesimama na kibuyu kitupu na macho yaliyojaa machozi, akaufumbua mkono wake wa kushoto mbele ya watu wote. Katikati ya kiganja ilikuwepo kunde. Akaitia mdomoni, akaitafuna mbichi, taratibu, kwa meno aliyobaki nayo, mpaka ikaisha.